Mtu Anayeniondolea Theluji

Foleni ya samaki wa kukaanga waliouzwa Ijumaa ile ilianzia ukumbi wa chini wa kanisa, ikapanda ngazi, ikaishia nje kwenye baridi. Nusu ya mji wa Port Kessel ilikuwa pale, waumini na wasioamini chochote, maana samaki ni samaki. Harufu ya mafuta ya kukaangia iliganda kwenye makoti, na kila mwenye miwani alikuwa anaifuta ukungu.

Marlys Zielke alipita kando ya foleni akigawa vikaratasi vyenye picha yake. Alikuwa na miaka arobaini na nne, ameachana na mumewe zamani, na anauza miwani katika duka la barabara kuu. Alivaa sweta jekundu la shingo ndefu na buti nyeupe ambazo mtu mwenye akili zake hazivai Januari. Akamnyooshea kikaratasi mwanamume mmoja mpana, mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio. Kikaratasi kikaanguka. Jamaa akakikanyaga, buti lote likatua usoni kwa Marlys.

"Samahani," akasema. "Nimekukanyaga pua."

"Na mdomo."

"Mdomo naona bado unafanya kazi."

Marlys akacheka bila kutaka.

"Unagombea nini?"

"Bodi ya shule."

"Si hawalipwi kitu pale?"

"Karibu na bure."

"Basi nyumbani kwako kuna shida gani, mpaka utafute kelele za watu?"

"Shida yangu ni wajumbe wanaopeana tenda na mashemeji zao. Nimeandika hapo, soma."

Jamaa akakiokota, akakigeuza huku na huku. "Mimi naona alama ya buti tu."

Aliitwa Clete Rozmarek. Walikaa meza moja kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Clete akamwekea kipande chake cha mwisho cha samaki, Marlys akamsukumia kabichi yake asiyoipenda. Akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu kwamba kiangazi anakata nyasi, na majira ya baridi anaondoa theluji, yeye na madereva wake wawili. Hakusema anaiondoa wapi, na Marlys hakuuliza.

Theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi Marlys alitoka na beleshi, akasimama mlangoni. Njia yake ya gari ilikuwa safi, imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Kwa majirani kote theluji ilifika magotini. Akampigia simu.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Clete, usijifanye mjinga."

"Ah, hiyo! Gari langu liliteleza, likaingia kwako bahati mbaya."

"Likateleza mpaka kwenye gereji, likarudi, likateleza tena?"

"Barabara mbaya sana hizi, bibi. Mkiingia bodi muangalie."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Katika mji ule mwanamume akimpenda mwanamke hamletei maua. Anamwondolea theluji kabla hajaamka. Majirani wanaona, na wanaelewa. Kufikia Februari Clete alikuwa anakunywa kahawa jikoni kwa Marlys kabla ya saa za kazi, soksi zake zikikauka juu ya kipasha joto, naye Marlys akimwita "dubu wangu," na kumkemea kwa kuacha maji sakafuni.

Asubuhi moja Clete akaweka kikombe chini.

"Kuna kitu sijakwambia, mpenzi. Shule mbili za upande wa kaskazini, theluji yake naondoa mimi. Agosti bodi inatoa tenda ya shule zote. Nimeomba zote."

Marlys naye akaweka chake. "Ungeniambia kule kule kwenye samaki."

"Ningekwambia ungeninyima kabichi."

Hakucheka. Mchana akamuuliza rafiki yake Twyla, aliyekuwa akimwendeshea kampeni. Twyla alikuwa mwepesi wa kila kitu, wa kucheka na wa kupata njia.

"Nimezisoma kanuni za bodi," Twyla akasema. "Wametaja mume, mke, mzazi, mtoto. Mpenzi hayumo. We funga mdomo, na usiolewe mpaka tenda ipite. Basi!"

Wakacheka wote wawili. Lakini tangu siku ile Clete alianza kuegesha gari mtaa wa pili na kuingia kwa mlango wa nyuma, mwanamume wa miaka arobaini na minane, akiinama chini ya kamba ya nguo. Siku moja alimshika Marlys mkono, akasema, "Nataka nikuoe."

"Baada ya tenda," Marlys akajibu.

Wote wawili walisikia jinsi neno lile lilivyotoka. Clete akavaa soksi zake mbichi akaondoka.

Mwezi Machi ukafanyika mdahalo wa wagombea katika bwalo la shule. Marlys alivaa suti ya buluu na hereni ndogo. Alizungumza vizuri. Alisema watoto wa mji ule hawastahili kuwa mradi wa mashemeji, watu wakapiga makofi. Safu ya tatu alikaa Clete, amenyoa ndevu, amefunga tai iliyomkaba shingo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda kumsikiliza. Hakuwa amealikwa.

Ndipo akasimama Mwalimu Haugen. Alikuwa amestaafu siku nyingi, na nyumba yake ilitazamana na ya Marlys.

"Bi Zielke, ya mashemeji tumeyasikia. Sasa wewe. Una uhusiano wowote na mtu anayefanya biashara na shule zetu?"

"Hapana."

"Hakuna kabisa?"

Marlys alitazama ukuta wa nyuma. "Kama unamaanisha Bwana Rozmarek, yule ni mtu anayeniondolea theluji tu."

Watu kadhaa wakacheka, kicheko kifupi cha puani. Mwalimu Haugen akakaa. Clete aliendelea kutazama mbele kidogo, kama mtu aliyepigwa kofi na bado hajajua lilitoka wapi. Kisha akainuka, akawaomba radhi waliokaa pembeni yake mmoja mmoja, akatoka.

Marlys alimpigia simu kabla hajavua koti.

"Mpenzi wangu..."

"Umekosea namba. Hapa ni kwa mtu wa theluji."

"Clete, ulitaka nisemeje mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema jina langu bila hiyo 'tu' nyuma yake."

"Nilikuwa nailinda tenda yako!"

"Ulikuwa unalinda kiti chako."

"Vyote viwili."

"Haya, kaa navyo vyote viwili. Vitakupashia miguu." Akakata.

Wiki iliyofuata ikaanguka theluji nzito ya mwisho wa msimu. Asubuhi kila njia ya gari mtaani ilisafishwa, isipokuwa ya Marlys. Alitoka na beleshi na zile buti nyeupe, akachimba, akapumzika, akachimba. Mapazia ya majirani yalisogea na kurudi. Alipofika katikati simu ikalia.

"Nimepita hapo kwako!" Twyla alikuwa anacheka. "Safi sana. Sasa hata nani aseme nini, hakuna anayeweza kuthibitisha kitu."

Marlys akatia simu mfukoni. Akainama, akaendelea kuchimba, maana alipenda uso wake uwe chini.

Aprili alishinda. Ofisini kwa Twyla kulikuwa na keki yenye jina lake, na watu walimkumbatia, na kila aliyemwambia "mtu mkweli kama wewe" alimtia aibu mpya. Alimpigia Clete akaacha ujumbe. Akapiga tena. Mara moja tu Clete alipokea.

"Hongera, Mheshimiwa Mjumbe."

"Usiniite hivyo. Nimekukumbuka."

"Nyasi zinaota, Marlys. Nina kazi."

Miezi ikapita hivyo. Alipokuwa akimpimia mteja miwani alimwona Clete akipita dirishani na mashine yake nyuma ya gari, mikono imeungua jua. Hakugeuza kichwa hata siku moja.

Tenda ikaja kikaoni Agosti, jioni ya joto la kunata. Wajumbe walikuwa saba. Mji mzima ulijua kwamba watatu wako upande wa Clete, kwa kuwa kazi yake ilikuwa nzuri, na watatu wanaitaka kampuni kubwa kutoka nje ya mji. Kura ya Marlys ndiyo ingeamua. Clete alisimama nyuma na madereva wake wawili, kofia mkononi. Kwake kura ile ilikuwa riziki ya majira ya baridi yote, na wale wawili walikuwa na familia.

Mwenyekiti, Bi Ostrander, akasoma swali linalosomwa kila kikao, kwa sauti ya mtu anayesali huku akiwaza chakula. "Kuna mjumbe mwenye mgongano wa maslahi katika jambo hili? Hakuna. Tuendelee..."

Marlys alikuwa ameinua mkono.

"Ninao," akasema. Gauni lake la kijivu lilikuwa limelowa mgongoni. "Mimi na Clete Rozmarek tulianza kupendana Januari. Nampenda mpaka sasa, yeye sijui. Siwezi kupiga kura hii."

Bi Ostrander akavua miwani. "Mmeoana?"

"Hapana."

"Basi kanuni haikuhusu, dada. Piga kura, twende nyumbani."

"Kanuni hainijui. Mimi najijua. Machi niliulizwa hadharani nikasema uongo, na kwa uongo ule nimekaa kiti hiki. Nilimwambia asubiri kunioa ili jina langu lisiandikwe karibu na lake. Niliwasema nyinyi wenye mashemeji, na mimi nilikuwa namwingiza wangu kwa mlango wa nyuma."

"Jiuzulu!" mtu akapaza sauti.

"Nimeshajiuzulu. Kikao kijacho msinisubiri." Akasukuma kiti, akashuka, akakaa kwenye viti vya wananchi. Watu wawili waliokuwa karibu wakasogea mbali kidogo.

Kura ikapigwa bila yeye. Mjumbe mmoja aliyekuwa upande wa Clete aliona haya kuhesabiwa upande huo, akahamia wa pili. Kampuni ya nje ikapata shule zote, hata zile mbili za kaskazini. Madereva wa Clete wakatoka wa kwanza, hawakumwangalia Marlys.

Alimkuta Clete kwenye maegesho, ameegemea gari, lami bado inatoa joto.

"Umenipotezea tenda," Clete akasema.

"Ndiyo."

"Zote. Hata zile nilizokuwa nazo."

"Ndiyo, Clete. Sikuja kukuomba unisamehe. Nimekuja ili unitukane ana kwa ana, usihangaike na simu."

Clete aliizungusha kofia mkononi. Alitaka kumtukana. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Machi, mazuri kweli kweli. Lakini kulikuwa na jambo alilolificha nyuma ya hasira yake miezi yote ile, na sasa lilitangulia kutoka.

"Siku ile ya mdahalo," akasema. "Uliposema hapana. Unajua nilisikiaje kwanza?"

"Vibaya."

"Nilifurahi." Akatazama chini. "Kabla sijaumia nilifurahi. Nikajiambia, vizuri, tenda imepona. Ulinikana mbele ya watu, na mimi nikahesabu shule. Ndipo ikaja ile 'tu' yako, nikapata sababu ya kukasirika. Nimekununia miezi mitano ili nisijiangalie mwenyewe."

Marlys akaweka mkono mdomoni. Hawakutazamana kwa muda. Walikuwa kama watu wawili waliokutana uchi mtoni.

"Sisi ni takataka," hatimaye Marlys akasema.

"Jisemee." Kisha akasema, "Ndiyo. Sisi ni takataka."

"Nioe, Clete."

"Sasa hivi? Umenifilisi nusu saa iliyopita!"

"Sasa huna tenda na mimi sina kiti. Hakuna wa kusema tunafuatana kwa faida."

Clete alicheka, mara cheko likavunjika, akajifuta macho kwa kofia. "Madereva wangu nitawaambia nini?"

"Tutakwenda wote kuwaambia. Mimi nitaanza."

"Watakufukuza."

"Wanayo haki." Akanyoosha mkono. "Utanioa au hunioi?"

"Nitakuoa, mwanamke. Usipige kelele."

Milango ikafunguka, watu wakaanza kutoka kikaoni. Marlys alisikia damu ikimpanda masikioni. Mkono wa Clete ukalegea katika wake, akataka kuuondoa kwa mazoea ya mlango wa nyuma. Marlys akaukaza. Watu wakapita, wengine wakiinamia funguo zao, wengine wakinong'ona. Hakuna aliyewasalimia. Mwisho akaja Mwalimu Haugen, polepole, fimbo mkononi.

"Mwalimu," Marlys akaita. "Uliniuliza swali nikakujibu uongo. Huyu ni Clete Rozmarek. Ni mchumba wangu."

Mzee akawatazama. "Najua, binti. Mtaa mzima ulijua tangu theluji ya kwanza. Nilikuuliza ili upate nafasi ya kusema."

"Mlijua? Na bado mlinipigia kura?"

"Wao walikupigia," akasema Mwalimu Haugen. "Mimi sikukupigia." Akampa Clete mkono. Kisha, baada ya kufikiri, akampa na Marlys, akaenda zake.

Wakabaki wawili kwenye maegesho matupu, nyuso zinawaka, mikono imelowa jasho, na hakuna aliyeuachia wa mwenzake.