Fundo Lililoliwa na Uyoga

Jua lilikuwa linazama Dada Uyoga alipoingia bandani kunyunyizia mapipa yake maji. Jina hilo walimpa majirani kwa utani, maana kazi yake ilikuwa kuotesha uyoga unaokula plastiki. Mifuko ya jalalani aliichanganya na maranda ya mbao, akauachia uyoga uitafune taratibu, miezi na miezi.

Jioni ile, taka za pipa la mwisho zilikuwa zimeshuka hadi nusu.

Tangu asubuhi tu.

Pipa hilo alilijaza mifuko ya zamani, iliyofukuliwa chini kabisa ya jalala. Akainama. Harufu ya udongo mbichi aliyoizoea haikuwepo. Palinukia mafuta ya nywele... ya mtoto.

Nyuzi nyeupe za uyoga zilikuwa zimekula mfuko mweusi wa nailoni, wote, pamoja na fundo lake. Kilichobaki ni kigauni cha maua kilichoviringishwa. Akakitambua. Mdogo wake alikivaa siku ya mwisho kusikika akiongea. Kesho yake aliamka bubu, akiwa darasa la pili, na hakuna daktari aliyeona kasoro.

Kigauni kikavuta pumzi.

"Dada..."

Dada Uyoga hakumbuki alivyofika nyumbani. Mama yao alikuwa jikoni. Mdogo wake, sasa mtu mzima, alikuwa ameketi mlangoni akimenya vitunguu. Akainua uso, akafungua kinywa.

"Dada, kulikuwa na giza."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa miaka saba.

Dada Uyoga alidhani mama angelia kwa furaha. Mama akazima jiko. Akauliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama mdogo mtu.

"Nani kakifungua?"

Dada Uyoga akasimulia habari ya pipa. Kisha akamuuliza mama yake ilikuwaje akamfunga sauti mwanawe wa kumzaa.

"Sikumfunga mwanangu," mama akanong'ona, akirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. "Nilikifunga kilichokuwa kinasema kwa mdomo wake."

Wote wawili wakageuka kumtazama mdogo mtu pale mlangoni.

Kisu kilikuwa kimemdondoka. Machozi yalimtiririka, na kichwa alikuwa anakitikisa, anakataa, anakataa...

Mdomo wake ulikuwa unatabasamu.

"Mama," ukasema. "Tulikuwa tumefika wapi?"