Fidla Nyuma ya Mlango wa Bafu

"Fungua mlango."

"Naoga."

"Mama anasema hii ni mara ya tatu leo. Umegeuka samaki?"

Ndani, bomba lilifungwa. Mfereji wa maji ndani ya ukuta ukagonga kama ulivyozoea: mara tatu harakaharaka, ukanyamaza, kisha mara moja. Mlango ukafunguka. Karani alisimama pale mkavu kabisa, simu mkononi, hedifoni zikining'inia shingoni.

Mumewe, Fundi, alimtazama kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

"Siku hizi maji hayalowanishi?"

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, saa ya ukaguzi. Kila siku saa hiyo Fundi alinyoosha mkono, akapewa simu, akapekua waliopiga, waliopigiwa, ujumbe na picha. Leo hakusubiri kupewa. Aliinyakua, akachomoa waya wa hedifoni, na sauti ya mwanaume, nzito na ya taratibu, ikajaa ukumbini.

"Karibu tena, mpenzi msikilizaji. Jana nilikuacha njiani. Leo fumba macho, nikushike mkono, tumalize pamoja."

Fundi aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Ni nani huyu?"

"Ni podikasti. Mwalimu mstaafu, anafundisha kusikiliza muziki wa klasiki. Fidla, piano, okestra."

"Anakuita mpenzi."

"Anawaita wote."

"Wote wangapi?"

"Elfu kumi na moja."

"Ana mapenzi mengi. Na wewe umfumbie macho, akushike mkono, bafuni kwangu."

"Fundi, sikiliza dakika moja tu, utaona."

"Nitasikiliza zote. Na nikimkuta na kosa, nitamtafuta alipo."

Akaitia simu mfukoni, pamoja na funguo za geti.

Jina la Karani alipewa na Fundi mwenyewe. Alikuwa karani wa malalamiko katika ofisi ya maji, na Fundi alikuwa fundi bomba wa ofisi hiyohiyo. Kila asubuhi alimpigia simu kumwelekeza bomba lilikopasuka, na Fundi alijifanya hakusikia vizuri ili arudiwe. Aliposa mwanamke ambaye alikuwa amemwona mara mbili tu. Walipooana akamwachisha kazi.

"Kama mimi nilinaswa na sauti tu," alisema siku hiyo, "hao wengine wana masikio ya mbao?"

Karani alicheka. Alidhani ni utani. Ulikuwa mwaka wa pili sasa, geti lilikuwa na kufuli, na mchana funguo zilishikwa na mama mkwe.

Kesho yake, kazini, Fundi alishuka kwenye chumba cha pampu, chini ya jengo la ghorofa nne, akavaa hedifoni za mkewe na kuanza na kipindi cha kwanza. Alikuwa na penseli na kipande cha boksi, tayari kuandika kila neno la kumtia Mwalimu hatiani.

Kipindi cha kwanza hakuandika kitu. Alisikia kama watu wanakata mbao. Cha pili alisinzia. Cha tatu Mwalimu akasema:

"Usiusikilize wimbo wote kwa mkupuo. Chagua sauti moja, ile ya chini kabisa, uifuate mpaka uone inaishia wapi. Ikikupotea, rudi nyuma."

Fundi aliacha kukaza nati. Yeye alitafuta uvujaji hivyo hivyo: aliweka ncha ya bisibisi kwenye bomba, sikio kwenye mpini, akachagua sauti moja kati ya zote zilizo ukutani na kuifuata. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba watu hukaa ukumbini na kufanya kazi hiyo kwa raha.

Akarudi nyuma. Sauti ya chini akaipata. Ikampotea, akarudi tena.

Siku ya tatu, kipindi cha kumi na tatu, Mwalimu alisema atasoma barua za wasikilizaji, na kwamba mmoja ametuma ujumbe wa sauti. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu.

Kwanza alisikia maji yakimwagika. Kisha mfereji ukagonga mara tatu, ukanyamaza, ukagonga mara moja. Aliujua. Ulikuwa ukutani kwake, na tangu mwaka jana alikuwa akiahidi kuurekebisha.

"Mwalimu, shikamoo," ilisema sauti ya mwanamke. "Nakusikiliza nikiwa bafuni, bomba likiwa wazi, ili nisisikike nikiongea na simu. Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono. Ila geti lina kufuli na simu yangu hukaguliwa kila jioni, na nimeanza kuongea kidogo kidogo, siku nyingine siongei kabisa. Swali langu ni hili. Kwenye kile kipande cha polepole, fidla inayorudia maneno yaleyale, inatafuta pa kutokea au imeshazoea?"

Fundi alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Hakuwa anasikiliza swali. Ilikuwa ile sauti ya ofisi ya maji, yenye kicheko kilichojificha pembeni, aliyoifuata mpaka akaoa. Nyumbani siku hizi alipewa "ndiyo" na "chakula kipo mezani". Sauti yenyewe alipelekewa mzee asiyemjua, bafuni, bomba likiwa wazi.

Mwalimu akajibu: "Sijui, binti yangu. Ila sikiliza wanaocheza pembeni yake. Ikiwa wote wamenyamaza, haijazoea. Wameiacha."

Fundi alikusanya spana zake saa saba mchana.

Nyumbani alikuta kufuli la geti liko wazi. Mama yake alikuwa uani anachambua mchele.

"Mama, funguo ziko wapi?"

"Nimempa mwenyewe, tangu asubuhi."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye nyumba. Mimi nilikuzaa, sikuajiriwa ulinzi. Nimemchunga mwaka mzima, sijaona hata kivuli cha mwanaume. Nilichoona ni mtoto wa watu anakonda."

"Ameondoka?"

"Nenda ukaangalie. Miguu unayo."

Karani alikuwa ameketi kitandani, begi limefungwa zipu, funguo mkononi.

"Ulikuwa na funguo tangu asubuhi," Fundi alisema. "Mbona hukwenda?"

"Sikutaka uje kuambiwa na Mama. Nilitaka uambiwe na mimi. Naondoka."

Fundi alitoa simu, akaiweka juu ya begi.

"Nimesikia kipindi cha kumi na tatu."

Karani aliangalia simu, kisha akamwangalia yeye.

"Nilikuwa natafuta mwanaume," Fundi alisema. "Nikamkuta. Ni mimi. Niliipenda sauti yako, nikaifungia ndani nisiibiwe, ikanyamaza. Nisamehe, Karani."

"Samahani nimeisikia. Na geti?"

"Funguo kaa nazo. Kufuli nimeshalitia kwenye mkoba wa vyuma chakavu."

"Simu?"

"Sitaigusa."

"Kazi?"

Karani alimngoja, wala hakumsaidia.

"Ukaombe," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekutoa. Nitakwenda kumwambia mkuu hivyo."

"Jumamosi saa tisa Mwalimu anapiga santuri kwenye ukumbi wa maktaba. Nakwenda. Peke yangu."

"Nenda."

"Na begi silifungui leo. Maneno kila mtu anayo, Fundi. Nitaona vitendo."

Jumamosi Karani alikwenda. Aliketi kati ya watu arobaini hivi, simu mapajani. Zamani akichelewa dukani dakika kumi tu, ilikuwa ikilia. Fidla ya polepole ilianza, ikarudia maneno yake, na yeye kila mara akaangalia kioo cha simu. Saa kumi. Kumi na nusu. Haikulia. Kipande cha mwisho alikisikiliza akiwa amefumba macho.

Aliporudi alikuta vigae vya bafuni vimebanduliwa, mfereji wa ukutani uko nje, Fundi amelala chali sakafuni, nguo zimelowa.

"Kile kipande chako," Fundi alisema bila kuinuka, "kuna kitu kinaingia chini, kabla fidla haijarudi. Si fidla. Kinaitwaje?"

"Selo. Fidla kubwa, ya sauti nzito."

"Ndiyo inayoiitikia?"

"Umeisikia?"

"Nimeirudia mara sita, kwenye simu yangu."

Saa kumi na mbili ilifika. Simu ilikuwa katikati ya meza. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Karani aliingia chumbani, akafunga mlango. Fundi, pale sakafuni, alisikia zipu ya begi. Kwa masikio yake yote hakuweza kujua kama inafunguliwa au inafungwa. Alishika spana, asikaze wala asilegeze.

Kisha akasikia hanga ya kwanza ikirudi kabatini. Kisha ya pili.