Mstari Chini ya Boti

Siku nne tangu Tharsisi azame mto Malagarasi, maiti haijaelea. Kijijini watu walishaanza kunong'ona: yule hakufa, amefanywa msukule, kuna mchawi anamlimisha. Ndiyo maana jioni hiyo mkewe, Generosa, alipanda boti ya Lukmani, mvuvi mwenye duka Kasulu mjini. Aliomba apate maiti. Mtu akishazikwa, hakuna wa kumlimisha.

Lukmani akawasha kidude cha kutafutia samaki alichonunua Kigoma mwaka huo wa 2014. Kioo kikawaka.

Ti... ti... ti...

"Kinapeleka sauti chini, shemeji. Ikigonga kitu, inarudi. Samaki akipita kinachora upinde. Kitu kilicholala, tukisimama juu yake, kinachora mstari."

"Na tukiondoka?"

"Mstari unakatika. Chenyewe si kinabaki kulekule?"

Wakazunguka mpaka jua likazama nyuma ya mafunjo. Pinde, matope, pinde tena. Kisha, mita tisa chini, mstari mnene ulionyooka.

"Innalillahi," Lukmani akanong'ona.

Generosa alifurahi, halafu akaona haya kwa furaha ile.

"Tukaite watu wenye nyavu," Lukmani alisema, akageuza boti kuelekea ufukoni.

Ti... ti... ti...

"Shemeji... mbona haukatiki?" Generosa aliuliza, akionyesha kioo.

Lukmani akakata kushoto. Mstari upo. Akakata kulia. Upo. Mita saba.

Harufu ikapanda kutoka majini. Haikuwa ya samaki wala ya tope. Ilikuwa ya udongo mkavu uliotoka kulimwa, katikati ya mto.

Mita nne.

"Labda kimeharibika," alisema Lukmani. Hata yeye hakuyaamini maneno yake.

Mita mbili.

Ngo.

Ilikuwa chini ya mbao, pale miguuni pa Generosa.

Ngo... ngo-ngo.

Hivyo ndivyo Tharsisi alivyogonga mlango kila jioni akirudi shamba. Miaka kumi na moja, hivyo hivyo. Generosa akafungua mdomo.

"Usiitike!" Lukmani akamshika mkono. "Ukiitika, aliyemchukua atafuata sauti yako hadi nyumbani. Una watoto, shemeji."

"Ee Imana, Mungu wangu... ni yeye."

"Najua ni yeye."

Generosa akauma upindo wa kanga mpaka taya zikamuuma. Ngo-ngo ile iliwasindikiza hadi mafunjoni, kwanza kwa subira, kisha kwa haraka, kisha ikawa ya mtu anayebembeleza. Boti ilipogusa mchanga, ikakoma.

Mama mkwe, bibi Rosa, alikuwa amesimama na kurunzi.

"Mmemuona, mwanangu?"

Generosa alimtazama Lukmani. Lukmani akainama, akajifanya anafunga kamba.

"Nimemuona, mama," Generosa akasema. "Amekufa. Yuko chini sana, hatolewi."

Kesho yake walizika kipande cha mgomba badala ya mwili. Minong'ono ikaisha. Generosa alilia kuliko wote, na wanawake wakasema kweli huyu alimpenda mumewe. Alimpenda, hawakukosea. Lakini kaburini hakukuwa na mtu, na mwenye kaburi alikuwa hai mahali fulani, akijua kwamba mkewe alimsikia akanyamaza.