Kiti cha Nzomo

Nthenya alikuwa binti wa Musyoka, mwana wa Ndululu, mwana wa Muli, wakulima wa Kabati. Hata wazee wa kanisa waliwaita wapatanishe ndugu waliogombania mashamba, kwa kuwa maneno yao yalinyooka, hayakuwa na kona. Polio ilimlemaza miguu akiwa mchanga. Mwaka wa 1978, akitembea kwa magongo, alikuwa mwanafunzi wa shule moja ya bweni karibu na Kibwezi.

Kila alasiri wanafunzi walicheza mpira wa kikapu wakiwa katika viti vya magurudumu. Mwalimu Kang'ethe aliwaeleza kwamba mchezo huo ulianzishwa na askari waliolemaa katika Vita Kuu vya Pili vya Dunia.

"Walikataa kulala wodini wakitazama dari," alisema.

Kila upande ulikuwa na wachezaji watano, na kikapu kiliwekwa juu vilevile kama cha watu wanaosimama. Aliyeshika mpira alisukuma magurudumu mara mbili tu, kisha sharti audundishe, ampe mwenzake au aurushe kikapuni.

"Tatu! Umesukuma tatu tena!" mwanafunzi mwenzake Mumbua alimcheka Nthenya. "Shuka, dada, haya si mashindano ya baiskeli!"

Aibu ilimchoma. Jumapili, wenzake wakiwa ibadani, aliingia stoo kwa siri, akafanya mazoezi katika kiti cha Nzomo, mchezaji hodari aliyefariki kwa homa ya mapafu. Mwalimu alikihifadhi humo, kisiguswe mpaka mama wa marehemu aseme neno.

Magurudumu yalikuwa yakilia katika giza la stoo Nthenya aliposikia mtu akipumua nje ya mlango.

"Nzomo? Mwanangu, ni wewe?"

Alikuwa Mbula, mama yake Nzomo, aliyelima jirani na shule. Nthenya alibana pumzi mpaka nyayo zikaondoka. Kizingitini palibaki kibuyu cha uji, kama watu wa kale wa Ukambani walivyowatengea wafu wao chakula. Akiogopa kwamba wenzake wangekiona na kuuliza nani alikuwa ndani, aliunywa uji wote, akakirudisha kitupu.

Jumapili iliyofuata Mbula alirudi, uso umemkonda.

"Najua uliunywa, mwanangu," alinong'ona mlangoni. "Unga ni mchache mwaka huu, lakini nitakuletea. Mimi nitashinda na njaa."

Wiki nzima Nthenya alikuwa amesikia mlio wa magurudumu hata darasani, mahali pasipokuwa na kiti. Angenyamaza, mama huyo angekufa njaa akimlisha mfu. Angesema, angemfisha Nzomo mara ya pili.

Alifungua mlango.

"Ni mimi, Mama. Nthenya wa Musyoka. Uji niliunywa mimi. Nisamehe."

Mbula hakumtazama. Alitazama nyuma yake, ndani ya stoo, kana kwamba bado alimngoja mtu mwingine atoke. Kisha akaketi chini, akalia kwa sauti mpaka Mwalimu Kang'ethe akaja mbio.

Alipotulia, Mbula alisema, "Sukuma nione."

Nthenya alisukuma magurudumu mara mbili, akakisimamisha kiti.

"Nzomo alikuwa akiinamisha bega la kushoto," Mbula alisema polepole. "Wewe huinami. Kichukue kiti chake, ukichezee mchana, mbele ya watu. Lakini sikia, binti yangu: ulinyamaza ukidhani unajificha, kumbe ulikuwa unanizika mimi pamoja naye."

Nanyi mnaosoma haya, shikeni neno la mama huyo. Mtu akiamini uongo kwa sababu ya kimya chenu, fumbueni kinywa siku hiyo hiyo, hata kama sauti inawatetemeka.