Kipimo Chenye Utepe Mwekundu

Gari lilikuwa limelala chali chini ya tuta la barabara kuu, kama mende aliyepuliziwa dawa, na dereva wake alikuwa bado amefunga mkanda. Hata kufa alikufa kwa kufuata taratibu.

Inspekta Sindano aliteremka tuta kwa makalio, maana viatu vya ofisini havikutengenezwa kwa kazi ile. Jina la Sindano hakupewa na mama yake. Alipewa na mahabusu, kwa sababu maswali yake huingia taratibu, maumivu huja baadaye.

"Ajali, afande," konstebo alimpokea kwa saluti. "Tairi la nyuma kushoto limepasuka. Fundi aliyeliziba jana tumeshamtia ndani."

"Mmempata upesi hivyo?"

"Alikuwa amekaa zake gereji, afande. Wala hakukimbia."

"Hongereni. Wanaokimbia huwa wanawachosha."

Konstebo hakujua acheke au apige saluti nyingine. Akapiga saluti.

Marehemu alikuwa dereva wa gari la kukodi. Mji mzima ulimwita Kipimo. Mfukoni mwa shati lake, mahali ambapo watu wa ofisini huweka kalamu, palichomekwa kipimo cha upepo wa matairi, kile chembamba chenye umbo la kalamu, kimezungushiwa utepe mwekundu. Sindano alivaa glavu, akakichomoa, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa amechuchumaa kwenye tairi lililopasuka, mkono ndani kama mkunga.

"Kiraka cha fundi kiko wapi?" Sindano aliuliza.

"Hiki hapa. Kimeshika kama kupe. Tairi limechanika ubavuni, na ndani limejaa unga wa mpira. Limekimbizwa likiwa na upepo kidogo, likapata moto, likakata tamaa."

"Na hayo matatu mengine?"

Mkaguzi akatoa kipimo chake cha saa, chenye uso wa mviringo na mshale. Tairi la kwanza, kumi na nane. La pili, kumi na nane. La tatu akapima mara mbili kwa kutoamini macho yake. Kumi na nane.

"Gari hili linataka thelathini na tatu," alisema. "Huu ni upepo wa baiskeli ya mtoto."

"Fundi aliziba mangapi?"

"Moja."

"Sasa haya matatu nani aliyatoa upepo, tena kwa usawa mmoja, kama mtu anayegawa pipi?"

Sindano akakitoa kipimo cha marehemu, akakibana kwenye valvu ya tairi lile la tatu. Kijiti chenye namba kikachomoka kwa mbwembwe. Thelathini na tatu.

Wakatazamana. Mkaguzi akakifungua kwa vidole vya taratibu. Mwili wa kipimo ulikuwa umechakaa, namba zake zimefifia kwa kushikwashikwa. Lakini springi ya ndani ilikuwa nyeupe, inang'aa, laini.

"Mzee kavalishwa moyo wa mtoto mchanga," mkaguzi alisema. "Springi hii ni dhaifu kwa kipimo cha namna hii. Upepo kidogo tu, kijiti kinatoka mbali. Na gundi ya huu utepe, ona, umebanduliwa ukarudishwa."

Sindano akasimama. Ajali ilikuwa imekwisha. Sasa kulikuwa na mauaji.

Mkuu wa upelelezi hakupenda habari hiyo hata kidogo. Alikuwa ameshakunywa chai yake ya ushindi.

"Sindano, nina fundi ndani. Kesho asubuhi anasomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Unaniletea springi?"

"Nakuletea muuaji, mkuu. Nipe leo tu."

"Leo ni yako. Kesho ni ya hakimu."

Fundi alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, macho yamevimba. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi, mjamzito wa miezi ya mwisho, amekumbatia chupa ya maji ambayo askari walikataa kuipokea.

"Jana ulijaza upepo kiasi gani?"

"Thelathini na tatu, afande, yote manne. Nina pampu ndogo ya umeme, nikaizima, nikapima. Marehemu mwenyewe alisimama pale akinichokonoa: 'Fundi, pampu yako inajua kunguruma, haijui kuhesabu.'"

"Hakuamini?"

"Kipimo yule? Afande, hata ningemletea upepo kutoka mbinguni angeupima! Kila asubuhi, kabla gari halijatembea. Ukizidi anautoa mpaka ufike pale anapotaka yeye."

Sindano alifumba macho kidogo. Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Upepo mzuri ulikuwamo. Mtu mwangalifu kuliko wote mjini aliinama asubuhi, akautoa kwa mkono wake mwenyewe, tairi moja baada ya jingine, mpaka kijiti kikamwambia sasa umekuwa salama.

"Kipimo chake aliwahi kumwazima nani?"

"Thubutu! Angekuazima jino kwanza. Kinatoka mfukoni akivua shati tu, afande, na mimi simvui shati."

Nyumbani kwa marehemu kulikuwa kumejaa viatu mlangoni. Mjane alikuwa chumbani, kanga kichwani, sauti imeshakauka. Mwanamume mmoja mwembamba alikuwa akipanga viti uani, anafuta kila kiti kwa kitambaa kabla ya kumkaribisha mtu.

"Yule ni shemeji yangu," mjane alisema. "Mdogo wa marehemu. Anakaa chumba cha uani tangu mkewe alipomkimbia. Ana duka la vikorokoro vya magari, hapo kona."

"Mumeo akivua shati usiku huliweka wapi?"

"Msumarini, ukumbini. Kesho yake hulivaa lile lile mpaka nimpigie kelele."

"Na kipimo?"

"Kinabaki mfukoni. Mimi sikigusi. Nilikigusa mara moja, akanuna siku nzima kama nimemgusa mke mwenzangu." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio.

Sindano akatoka uani.

"Pole sana, kaka."

"Tumeshapoa, dada."

"Nina tatizo la ujinga. Kesi hii ni ya vipimo na pampu, na mimi hata gari langu najaziwa na watu. Ungenifungulia duka dakika chache ukanielewesha?"

Alisita. Kisha akachukua funguo. Pengine alitaka kukimbia vilio. Pengine muuzaji akiombwa ushauri hawezi kujizuia, hata nyumba yake ikiwaka moto.

Duka lilikuwa jembamba kama mwenyewe: mazulia ya gari yamening'inia, vifuniko vya usukani, pampu ndogo zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule. Alipoingia nyuma ya kaunta, mgongo wake ukanyooka.

"Nichukue pampu ipi, kaka? Hii yenye taa nyingi?"

"Taa za nini, unakwenda harusini? Uliza waya unafika tairi la nyuma au unaishia mlangoni. Uliza inaweza kufanya kazi muda gani kabla haijaanza kunuka. Gari lako dogo? Hii ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti ndani ya gari inakutosha. La mizigo, chukua ya kubana kwenye betri. Na namba ya pampu usiiamini ikiwa inanguruma. Zima, ndiyo upime."

"Nipime na nini?"

"Cha kioo cha namba ni rahisi kusoma, ila betri itakufa siku unayokihitaji. Cha saa ni kizuri mpaka kidondoke. Cha kalamu hakina betri, hakina kioo, kinavumilia. Ukweli wake wote uko kwenye springi."

"Na nitajuaje hakinidanganyi?"

"Rahisi. Chukua vitatu, pima tairi moja. Viwili vikikubaliana, cha tatu ndiye..."

Mkono wake ulikuwa juu ya kopo la vipimo vya kalamu, na ukabaki hapo hapo.

"Ndiye mwongo," Sindano alimalizia. "Lete kopo lote. Gari langu liko hapo nje."

"Dada, nyumbani kuna wageni..."

"Wageni wa msiba hawaondoki mapema. Lete."

Sindano alichuchumaa kwenye tairi lake la mbele, konstebo aliyekuja naye akimpokeza kimoja kimoja. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Kumi na nane.

Alikirudia. Kumi na nane. Kilikuwa kipya, kinang'aa, hata stika ya bei haijabanduka. Akakifungua juu ya leso nyeupe. Ikatoka springi ngumu, nyeusi kwa grisi ya miaka mingi.

"Kitoto hiki kina moyo wa mzee," alisema. "Umewahi kuona?"

"Kasoro ya kiwandani."

"Kiwandani wanapaka grisi iliyooza?"

"Labda mteja alikirudisha."

"Na mteja huyo alichukua springi mpya akaenda kumwekea kaka yako mfukoni?"

Mwanamume aliangalia barabarani. Hakuonekana kama mtu anayetaka kukimbia. Alionekana kama mtu aliyekuwa amesahau kitu sokoni, sasa amekikumbuka.

"Ulikuwa na ndoo ya takataka," Sindano alisema polepole. "Kwa nini hukuitupa?"

"Springi nzima, dada?" Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli. "Mimi ni mwenye duka. Kipimo kipya hakina springi, nitakiuza vipi? Nikaiweka humo jana usiku, nikakitumbukiza koponi. Nilidhani kitauzwa tu."

"Ungemuuzia mtu uongo mwingine. Huyu angejaza mpaka tairi lipasuke kwa shibe."

Sindano akamwambia haki zake: kwamba yuko chini ya ulinzi, kwamba halazimiki kusema neno. Mwanamume aliitikia kwa kichwa kama anayesikiliza dhamana ya bidhaa, kisha akarudi kwenye kaunta yake akasema yote, konstebo akiandika huku amesimama.

"Nilikuwa na binti. Kaka alimpeleka kwa bibi yake, tairi likapasuka njiani, binti yangu akafa, kaka akachubuka kiwiko. Msibani kaka akasema mimi ndiye niliyekwenda kujaza upepo asubuhi ile. Ni kweli alinituma na gari gereji. Wote wakaamini sikujaza, nilipiga soga nikarudi. Mke wangu aliniangalia kwa jicho lile mwaka mzima, kisha akaondoka. Na mimi nikaamini, dada. Nilijiambia labda kweli sikusimamia vizuri. Nimelala na hilo miaka yote."

"Kisha?"

"Mwezi uliopita fundi alikuja dukani kununua viraka. Mcheshi yule, mdomo wake hauna valvu. Tukawa tunamtania kaka na kipimo chake. Fundi akasema, 'Huyu leo anajifanya daktari wa matairi, na siku ile ya ajali nilimkimbilia akipita gereji nikamwambia tairi moja linavuja tena, rudi nikuongeze, akashuka akalipiga teke akasema linatosha!' Akacheka, amesahau anayemwambia ni baba wa mtoto. Nikamrudishia chenji yake."

"Hukumuuliza kaka yako?"

"Nilimpa nafasi. Kila jioni nilikaa naye, nikaanzisha habari za mtoto. Yeye anachezea kile kipimo tu, anakipangusa, anakirudisha mfukoni. Anasifiwa mji mzima kwa uangalifu, dada! Uangalifu aliununua kwa mtoto wangu, na bili nikaletewa mimi."

Sindano akachoma.

"Mtu aliyekuwa anapiga matairi teke akaanza kupima kila asubuhi baada ya mazishi. Hukuona kuwa alikuwa anakiri?"

"Niliona." Sauti yake ilipasuka. "Mimi ndiye niliyemuuzia kile kipimo. Nilitaka akiri kwangu, si kwa matairi."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi alipokuwa anapima?"

"Mlangoni kwangu, na kikombe cha chai. Aliinama akautoa. Psss. Anapima. Psss. Akaniambia, 'Mdogo wangu, fundi kajaza kama anapuliza puto, angeniua.' Nikacheka naye."

"Ungeweza kumzuia."

"Ningeweza. Nilingoja mpaka tairi la nne. Nilijiambia, akisema neno moja tu juu ya binti yangu, nitamwambia aache. Akasema shati lake linahitaji kufuliwa."

Konstebo aliacha kuandika.

"Na fundi?" Sindano aliuliza. "Ndiye aliyekupa ukweli. Ungemwacha asomewe shtaka kesho?"

Mwenye duka alifuta kaunta kwa kiganja, mahali pasipo na vumbi.

"Mimi nilibebeshwa miaka yote," alisema. "Nilidhani na yeye ataweza."

Jioni fundi alifunguliwa. Mkewe alisimama kutoka kwenye benchi kwa shida, akampa ile chupa ya maji kwanza, kibao cha begani baadaye. Fundi aliinywa yote, akajifuta mdomo, na ucheshi ukamrudia kama umeme.

"Afande Sindano! Mtoto akiwa wa kike nampa jina lako!"

"Mpe jina la kibinadamu."

"Wanasema ni mdogo mtu. Siamini! Juzi juzi tu tulikuwa dukani kwake, nachekesha, anacheka..." Kicheko kikapungua, kidogo kidogo, kama kuna mahali kinavuja. "Afande. Amesema ni kwa nini?"

Sindano aliangalia tumbo la yule mwanamke. Maisha yake yote hakuwahi kubaki na jibu mkononi bila kulitoa.

"Atasema mahakamani," alijibu, akageuka kuingia ndani. "Nenda nyumbani, fundi."

Fundi hakwenda. Alibaki amesimama uani kwa polisi, mdomo wazi, chupa tupu mkononi, na mkewe akimvuta mkono.