Kilo Nne kwa Wiki

Zaitun alimwona mwanamume mmoja akiokota punje ya chakula cha samaki kwenye gunia lililofunguliwa, akaitupia mdomoni na kuitafuna taratibu kama anayeonja karanga.

"We kaka! Hicho ni cha samaki!"

"Najua, dada. Nataka nijue wanangu watakula nini."

Ilikuwa siku ya soko Kasulu, mvua imeshuka bila kubisha hodi, na kila mtu alikimbilia baraza lililokuwa karibu naye. Huyu baraza lake likawa duka la pembejeo la Mzee Nurudini, mjomba wake Zaitun, mtu wa Ujiji aliyehamia mjini hapo miaka mingi iliyopita. Shati la mwanamume huyo lilikuwa jeupe, limepigwa pasi likanyooka, lakini suruali kaikunja hadi magotini na miguu imejaa tope jekundu. Juu bwana harusi, chini mchimba mtaro. Zaitun alijikuta anacheka huku akiweka sawa mtandio wake wa zambarau.

"Haya, ladha yake ikoje?"

"Kama dagaa wa juzi. Kilo bei gani?"

Alipotajiwa bei alishika kichwa. "Yalaa! Si bora niwapikie wali? Huko nyuma nimepata cha nusu ya bei hiyo." Akatoa mfukoni kifurushi cha nailoni kuonyesha kuwa hasemi uongo.

"Hebu lete." Zaitun alichota maji kwenye bakuli, akatia punje chache za kifurushi upande mmoja na za kwake upande wa pili. Za kifurushi zilizama papo hapo, maji yakawa kama uji mwepesi. Za kwake zilielea. "Umeona? Hicho kinafika chini kabla samaki hajageuka. Nusu yake vumbi, na ukinusa, kina ukungu. Umenunua rahisi ukaenda kumwaga bwawani."

"Basi nipe kile cha gunia la bluu."

"Kile kizuri, lakini unalipia na picha ya samaki kwenye gunia. Chukua hiki cha kati. Tarehe yake haijapita, kinaelea, kinanukia dagaa. Wakishakua tutakichanganya na pumba na mashudu ya alizeti, gharama ishuke. Unao wangapi?"

"Mia tano. Sato, kama kidole hivi. Bwawa liko Kagerankanda, bondeni."

"Kilo nne kwa wiki zinakutosha. Asubuhi na jioni, kidogo kidogo, na usimame pale uwaangalie. Wakiacha kula, na wewe acha kumwaga."

"Naitwa Hilali."

"Sijakuuliza jina."

"Ndiyo maana nimekutajia."

Alirudi baada ya siku mbili. Safari hii viatu vilikuwa safi na manukato yalimtangulia mlangoni. Akasema chakula kimekwisha, wanakula kama wana deni na mtu, je, aendelee hivyo hivyo?

Jibu Zaitun alikuwa nalo mdomoni. Kilo nne haziishi kwa siku mbili kwenye bwawa la visamaki vile. Kama zimeisha, ziko chini ya maji zinaoza. Alikuwa ameuza chakula cha mifugo miaka sita na hakuna aliyeweza kumdanganya kwa hesabu hiyo. Lakini akiambiwa aje mara moja kwa wiki, si atakuja mara moja kwa wiki? Akamtazama alivyosimama pale anatabasamu, meno yenye mwanya, mikono haijui pa kukaa.

"Endelea tu," alisema. "Wanakua hao."

Basi ikawa Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Kila siku kilo nne, na kila siku nusu saa ya maneno. Mzee Nurudini alikuwa anakohoa kwa makusudi nyuma ya meza, nao wanajifanya wanazungumzia mbolea. Siku asizokuja, simu iliita alasiri.

"Bosi wangu, hujambo?"

"Sijambo. Samaki hawajambo?"

"Samaki wazima. Mwenye samaki ndiye mgonjwa."

"Anaumwa nini tena?"

"Anaumwa Jumanne. Jumanne haipiti, Zaitun. Nimeikalia tangu asubuhi ipo tu."

"Mwongo wewe! Kunywa maji ulale."

"Nikivua hawa, wazee wangu wanakuja kwa mjomba wako na barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kuniombea kazi ya kubeba magunia."

Walicheka mpaka salio likaisha. Ndiyo maana nawalisha sana, Hilali alimwambia siku nyingine, nataka wakue upesi, si unajua mwenyewe kwa nini. Alimwambia pia kwamba maji yamekuwa kijani kizito na yameanza kunuka. Kesho nitamwambia apunguze, aliwaza Zaitun. Kesho ilikuwa Alhamisi, Hilali akaja na mhogo wa kuchoma uliofungwa kwenye jani la mgomba, wakala pamoja, na neno halikusemwa. Zaitun alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuna mtu aliyewahi kupanda pikipiki mara tatu kwa wiki kwa ajili yake.

Wiki ya saba, siku ya soko, Hilali alikuja asubuhi mapema na ndoo. Hakusalimia. Aliimimina mlangoni, na samaki wakatapakaa kwenye saruji, weupe tumbo, macho yametoka.

"Chakula chenu kimeua samaki wangu. Wote. Nimeamka nimewakuta wanaelea."

Watu hawaitwi mara mbili kwenye jambo kama hilo. Wakajaa. Mama mmoja aliyekuwa amenunua chakula cha kuku alikirudisha juu ya meza taratibu na kuomba hela yake. Mzee Nurudini alimgeukia Zaitun. Duka lile lilikuwa na jina zuri tangu alipolifungua.

"Mwanangu, tumeuza kibovu?"

"Hapana, mjomba!" Aibu na hofu vilimpanda pamoja. "Chakula changu hakina kosa. Huyu ndiye hajui kulisha! Samaki wa kula kilo nne anawamwagia kumi na mbili. Bwawa gani lisingeoza? Kila nikimpimia nilikuwa naona."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema jamaa amefuga tope. Hilali hakuwaangalia hao.

"Ulikuwa unaona?"

Zaitun aliinamisha macho kwenye samaki waliotapakaa.

"Nilikuuliza niendelee. Hapa hapa nilikuuliza." Sauti yake ilishuka. "Kumbe mimi nilikuwa mteja tu."

Jibu lilikuwa dogo. Lingeingia kwenye pumzi moja. Lakini mjomba alikuwa amesimama pale, soko zima limesimama, na mwanamke aliyelelewa vizuri angeanzaje kusema hadharani kwamba alimwacha mtu aharibu mali yake kwa sababu alitaka kumwona? Hilali aliokota ndoo akaondoka, samaki akawaacha. Zaitun aliwazoa mwenyewe kwa koleo.

Alipiga simu siku tatu, haikupokelewa. Akatuma "Samahani kwa yaliyotokea," maneno ambayo hata kampuni ya umeme huweza kukutumia. Ujumbe wa kweli aliuandika mara nyingi na kuufuta mara hizo hizo. Mzee Nurudini alipofungua duka la pili Kibondo, Zaitun aliomba aende yeye.

Kule alifanya kazi vizuri, na wateja walimpenda. Kila mfugaji alimwuliza idadi ya samaki na ukubwa wao kabla ya kugusa mizani, na aliyetaka zaidi alikataliwa. Mwaka ukaisha, mwingine ukafika katikati.

Asubuhi moja, kivuli kiliziba mlango.

"Mwakeye, Zaitun," Hilali alimsalimia kwa Kiha.

Alikuwa amekonda kidogo, kavaa kanzu ya rangi ya maziwa na kofia mpya. Mwanya ulikuwa pale pale. Zaitun aliona mikono yake mwenyewe inatafuta kazi, akashika kopo la kupimia.

"Karibu. Nikupimie ngapi?"

"Leo sinunui kitu. Nimekuja kukuona tu." Akaketi juu ya gunia. "Mjomba wako ndiye aliyenielekeza. Nilikukosea, Zaitun. Chakula kilikuwa kizuri nami nikakuaibisha mbele za watu. Bwana samaki wa wilaya alikuja akatia mti bwawani, ukatoka na chakula kilichooza, kina cha kiganja kizima. Nimekuja kuomba radhi."

"Usiombe." Kopo lilimponyoka. "Nilijua, Hilali. Tangu siku ile ya pili. Nilikuacha ununue kwa sababu ulikuwa unakuja."

Nje mtu alikuwa anajadiliana bei ya maharage.

"Ningekuja bila kununua," alisema Hilali. "Hata kama ungekuwa unauza misumari, ningekuja. Kwa nini hukusema?"

"Niliandika. Nikafuta."

"Ulipopiga sikupokea kwa hasira, lakini wiki nzima ile simu nililala nayo mkononi. Nilikuwa nasubiri uniandikie neno moja tu, niamini kwamba sikuwa mteja tu." Akavua kofia, akaitazama kwa ndani. "Ijumaa naoa, Kakonko. Nilitaka usikie kwangu, si kwa watu."

Zaitun alishika ukingo wa meza. "Nani?"

"Anaitwa Asia. Fundi cherehani."

"Anajua mambo ya samaki?"

"Hajui hata wanalala wapi." Walicheka wote wawili, na kicheko kile kiliuma kuliko kulia.

"Alikwambia anakupenda?"

"Siku ya kwanza kabisa. Sikuwa hata nimeuliza."

Machozi yakaanza kumshuka naye hakuyafuta. "Nilikupenda, Hilali."

"Sasa najua," alisema. Akavaa kofia yake, akasimama kidogo mlangoni, kisha akaenda kuwahi gari la Kakonko.