Jedwali la Marashi

— Basu, jedwali langu liko wapi?

Tuda alisimama mlangoni mwa ofisi ya ushirika, glasi mbili za chai ya mnanaa mkononi. Nje akina mama wa bonde la Dades walikuwa wakimwaga magunia ya waridi, na mvuke wa mitungi ya shaba ya kuchemshia maua uliingia hadi ndani, mzito, mtamu, kama usingizi wa asubuhi. Kwenye kompyuta palikuwa peupe.

— Umeme ulikatika, alijibu Basu, kijana wa mitungi, bila kumtazama. Kufumba na kufumbua tu.

Tuda aliziweka glasi mezani. Michanganyiko yote ya marashi aliyoijaribu msimu mzima alikuwa ameiingiza kwenye jedwali hilo asubuhi hiyo, hakuhifadhi hata mara moja, na vikaratasi vyake keshavitupa motoni. Watengenezaji manukato wa Marrakesh walikuwa wakiisubiri ili wamchukue akasomee kazi yao.

Simu ikalia. Ujumbe wa Lalla Itto, mwenyekiti wa ushirika: "Binti yangu, Marrakesh wanauliza. Tuma sasa."

Tuda akaitazama tena kompyuta.

— Basu, hii ina betri. Umeme ukikatika haizimi.

Basu aliinamisha kichwa.

— Ni wewe!

— Ni mimi. Nililifunga, kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi, nikasema hapana.

— Nimekukosea nini?

— Unaondoka, Tuda! Kila alfajiri nakusikia ukiimba mashambani kabla sijakuona, na siku yangu inaanzia hapo. Nikajiambia, lisipofika, hutaondoka.

— Una roho mbaya wewe!

— Ninayo. Sogea, nilitafute. Kompyuta huwa inajiwekea nakala yenyewe.

Basu alifungua sehemu ya mafaili yasiyohifadhiwa. Jedwali likarudi, safu kwa safu. Mstari wa mwisho tu haukuwepo.

— Ule mzuri kuliko yote, Tuda akanong'ona. Kichwa kimevurugika, siukumbuki.

Basu alifumba macho.

— Waridi matone sita. Ua la mchungwa mawili. Iliki moja. Ulininusisha kiganjani mwako. Ningesahau vipi?

Tuda aliandika. Hasira ilikuwepo bado, ila alijikuta akinusa kiganja chake. Akamgeuzia kompyuta.

— Tuma wewe. Kwa mkono huohuo uliolifunga.

Basu akabonyeza. Chozi lilimdondoka, wala hakulifuta.

— Limeenda. Safari njema, Tuda.

— Hivyo tu? Niombe basi!

— Nikuombe usiende?

— Mjinga wewe. Niombe nirudi.

Basu akamgeukia.

— Rudi, Tuda. Nakupenda. Rudi.

Tuda akamsukumia glasi ya chai, iliyokwisha kupoa.

— Kunywa. Halafu mwambie mama yako aje kwetu na sukari ya posa, kabla sijapanda basi.